Michoro mitatu ya kukarabati jengo la maduka: ninyi mngepitisha upi?

Mpangaji_Chini
Wadau, naombeni macho yenu. Nina duka katika jengo la maduka la pembezoni mwa mji, ghorofa mbili, limezungukwa na lami pande zote kama kisiwa. Mwenye jengo ameleta michoro mitatu ya ukarabati na mandhari ya nje, na sisi wapangaji tumepewa wiki mbili kutoa maoni. Mimi ni mmoja wa walioteuliwa kuyaandika.

Wa kwanza ni kujisafisha uso tu: mbele kunapigwa sura mpya, ndani vigae na taa, milangoni miti ya kwenye vyungu. Maegesho hayaguswi.

Wa pili unatoboa paa la katikati ili mwanga wa jua uingie, kisha theluthi moja ya maegesho inageuzwa bustani yenye vijia vya waenda kwa miguu.

Wa tatu unaondoa paa la korido kabisa. Korido inakuwa mtaa wa wazi, na nusu ya maegesho inajengwa nyumba za kuishi.

Wenzangu wengi wanataka wa kwanza kwa sababu biashara haitasimama. Mimi roho inavutwa na wa pili, ila sina hoja za kuwashika nazo.

FundiMitaro
Mkuu, weka rangi na vigae pembeni kwanza. Uliza maji ya mvua yanakwenda wapi.

Fanya hesabu ndogo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Chukua maegesho ya hekta 2 na mvua ya milimita 30: hizo ni lita 600,000, na juu ya lami karibu zote zinakimbilia mtaroni kwa pamoja, zimebeba oili na takataka za magari. Mchoro wa kwanza hautoi hata lita moja hapo. Utaweka vigae vipya, halafu mvua kubwa ya kwanza inakuletea tope mpaka mlangoni.

Bustani ya mchoro wa pili inaweza kusaidia, kwa sharti moja: iwe chini kuliko lami inayoizunguka. Wachoraji wengi hupenda kuinua bustani juu ya ukingo wa zege ili ionekane. Ikiinuliwa, maji yanaipita, na ninyi mnabaki kulipia bomba la kuimwagilia. Angalia namba za vimo kwenye mchoro, usiangalie picha za rangi. Kwenye picha za rangi hakunyeshi kamwe.

Msomaji_wa_Miji
Namuunga mkono Fundi, na mfano upo. Huko Seattle, Marekani, jengo la maduka la Northgate lilifunguliwa mwaka 1950, na maegesho yake ya upande wa kusini yalikaa juu ya bomba lililobeba maji ya kijito cha Thornton. Sehemu ya maegesho hayo ikavunjwa, na mwaka 2009 ukakamilika mfereji wa wazi wenye mimea, unaochuja maji yanayotoka eneo la ekari 680 hivi. Pembeni yake kuna nyumba za watu na njia za kutembea. Yaani mtaro wenyewe ndio bustani.

Kuhusu mchoro wa tatu, usiukatae kwa kuwa unatisha. Villa Italia ya Lakewood, Colorado, ilifunguliwa 1966, ikadorora, ikabomolewa karibu yote, na kuanzia 2004 mahali pake pakawa mtaa wa kawaida uitwao Belmar wenye barabara, maduka na makazi. Hata Victor Gruen, msanifu mzaliwa wa Vienna aliyebuni Southdale, lililofunguliwa kule Minnesota mwaka 1956, jengo la kwanza la maduka la aina hii lililofunikwa lote, alitaka lizungukwe na nyumba, shule na bustani. Likazungukwa na magari. Uzeeni aliikana kazi hiyo hadharani.

Mama_Miche
Mimi ni mtu wa miti, kwa hiyo nitasema ya miti.

Vyungu vya mlangoni ni mapambo. Havitoi kivuli cha maana na vikikosa maji siku chache vinakauka. Lakini hata mchoro wa pili usikudanganye. Udongo chini ya lami umeshindiliwa na mashine hadi ukawa kama tofali. Ukichimba shimo la mita moja kwa mita moja ukapanda mti, umeupa chungu kilichofukiwa. Mizizi mingi ya mti hutambaa karibu na uso wa ardhi, inatafuta hewa, na ikikosa pa kwenda itainua vitofali vya njia au mti utadumaa.

Dai mtaro mmoja mrefu wa udongo uliofumuliwa, unaounganisha miti yote ya mstari, badala ya mashimo mojamoja. Miti michache iliyopewa udongo wa kutosha itakupa kivuli kuliko mingi iliyobanwa.

Na jiandae, kuna mwenye duka atalalamika mti unaficha bango lake. Chagueni miti yenye shina refu lisilo na matawi chini, muipande mkabala na kuta, si mkabala na vioo vya maonyesho.

Kauntani_Mstaafu
Mnaongea miti, mikataba hamjaigusa. Duka lile kubwa linalovuta watu mara nyingi limehakikishiwa idadi ya nafasi za maegesho kwenye mkataba wake. Likisema hapana, theluthi yenu ya bustani imekufa kabla ya koleo la kwanza. Ulizeni hilo kabla ya kupigana. Ulizeni pia kama gharama zitaingizwa kwenye ada ya huduma, na kwa miaka mingapi.

Halafu awamu. Niliwahi kupanga kwenye jengo lililozungushiwa mabati milango yote miwili kwa wakati mmoja. Wateja walidhani tumefunga. Wengine hawakurudi.

FundiMitaro
Nyongeza kuhusu paa: kioo kilicholala juu kinaleta mwanga, joto na uvujaji kwa mkupuo. Waulize kama wanaweza kuinua sehemu ya paa na kuweka vioo vya kusimama upande usiopigwa na jua kali. Mwanga utapungua kidogo, na ndoo za kukinga matone mtaziweka stoo.

Mpangaji_Chini
Ahsanteni sana. Kauntani, mkataba wa duka kubwa tumeuomba leo, tunasubiri. Mama Miche, kweli wamechora mashimo mojamoja, 64, nimeyahesabu.

Fundi, nimefuata namba za vimo kama ulivyosema. Bustani yote ya mchoro wa pili imeinuliwa sentimita 45. Na ile kona ya chini kabisa, ambako maji hutuama kila mvua ikinyesha na sote tunaijua, wamechora uwanja wa kuchezea watoto. Hilo ndilo swali langu la kwanza kwenye barua.