Tupeane uzoefu: uliwahi kuadhibiwa kwa kosa la siri ambalo wakubwa hulifanya na kuachwa?

Karani wa Masijala (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekaa masijala ya siri miaka kumi na moja. Kwa asiyepajua, ni chumba chenye kabati la chuma la funguo mbili, na juu ya meza daftari kubwa. Kila jalada likitoka linaandikwa: nani kalichukua, saa ngapi, atalirudisha lini, na saini. Bahasha ni mbili. Ya ndani ina muhuri mwekundu wa SIRI, ya nje haina neno zaidi ya anwani. Siku ya kwanza unakula kiapo, na karatasi ya kiapo inakaa kwenye faili lako mpaka unastaafu.

Mwaka wangu wa nne, jalada moja halikurudi jioni na mimi nikasahau kulidai. Asubuhi likakutwa kwenye droo ya ofisa aliyelichukua, ndani ya jengo lilelile, droo imefungwa kwa ufunguo. Hata saa nne haijafika nilikuwa na barua ya kujieleza mkononi. Nikasimamishwa miezi mitatu kwa nusu mshahara, nikarudi na onyo la maandishi. Sikubisha, kwa sababu kweli nilikosea.

Kilichoniuma kilikuja Julai 2016. Nilimsikiliza James Comey, mkurugenzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakati ule, akieleza habari za Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wao wa mambo ya nje, na seva yake binafsi ya barua pepe. Alisema barua 110, katika mafungu 52, zilikuwa na taarifa za siri wakati zinatumwa au kupokelewa. Akasema wahusika walikuwa wazembe kupita kiasi. Nikakaa nikisubiri hukumu inayofuata maneno mazito kama hayo. Kilichofuata ni kwamba hakuna mwendesha mashtaka makini ambaye angefungua kesi ile.

Simpigii debe wala simchukii mama yule. Nilichofanya ni kuitazama ile barua yangu ya onyo.

Mwenye kisa chake akilete. Tusitaje majina ya ofisi zetu.

Askari Mstaafu

Mleta mada, umenigusa pabaya.

Kwetu simu zilibaki getini, kwenye visanduku vya namba. Kuna kijana mmoja wa zamu yangu aliingia nayo bila kukusudia, iko mfuko wa koti. Mchana wakawa wanampongeza mwenzao kwa kupandishwa cheo, akaitoa akapiga picha moja. Nyuma ya vichwa vya watu kulikuwa na ramani ukutani. Ramani yenyewe kwenye ile picha haisomeki, niliiona kwa macho yangu wakati wa mahojiano, ni madoa ya rangi tu. Alifukuzwa jeshini bila kiinua mgongo. Mimi niliitwa shahidi dhidi yake. Nilisema kweli, na usiku ule sikupata usingizi.

Kwa hiyo niliposoma habari ya baharia wa nyambizi ya Marekani, USS Alexandria, nilimfahamu kama ninayemjua. Mwaka 2009 alipiga picha sita ndani ya nyambizi kwa simu yake. Agosti 2016, wiki chache baada ya maneno ya Comey, alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mawakili wake waliitaja kesi ya Clinton kuomba nafuu, ikawa bure. Haki isemwe yote: alipojua anachunguzwa aliharibu vifaa vyake, na hilo lilimzidishia. Lakini lile la picha lenyewe lilimtosha kumfikisha mahakamani. Msamaha wa rais aliupata 2018, kifungo ameshakitumikia.

Halafu Machi 2025 tunasikia waziri wa ulinzi wa nchi hiyohiyo anaandika kwenye kundi la Signal, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, saa za ndege kuruka kwenda kupiga Yemen, na ndani ya kundi yumo mhariri wa jarida aliyeingizwa kwa makosa. Saa za kuruka, jamani! Rubani yuko ndani ya ile ndege. Kundi zima hakuna aliyepelekwa mahakamani, na mshauri wa usalama aliyemwingiza yule mhariri alipoondolewa alipendekezwa kuwa balozi Umoja wa Mataifa.

Katibu Muhtasi

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Mimi nitasimulia maboksi.

Bosi wangu alikuwa mtu mzito, simtaji. Alipokuwa anaondoka madarakani aliniambia, "Mama, nifungie vitu vyangu." Vitu vyake vilikuwa picha za ukutani, zawadi, vitabu, na rafu mbili za makabrasha. Nikamwambia, mheshimiwa, haya yenye mstari mwekundu kwenye kona yanarudi masijala. Akanitazama kama mtoto aliyemkatiza mzee anapoongea. Akasema, "Hayo nimeyaandika mimi."

Nilifunga maboksi tisa. Kila boksi niliandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito kilichomo, na karatasi ya orodha nikabaki na nakala. Dereva aliyapakia kwenye gari la nyumbani mchana kweupe, mlinzi wa getini akapiga saluti. Mlinzi huyohuyo juma lililotangulia alikuwa amemkagua mhudumu wa usafi mpaka ndani ya ndoo.

Mwaka uliofuata ukaguzi ukaja. Makabrasha kumi na manne hayaonekani. Aliyeitwa ni mimi. Nikatoa ile orodha yangu. Wakaisoma, wakatazamana, mmoja akaniuliza kwa upole kama nina uhakika nataka karatasi ile iingie kwenye kumbukumbu. Nikasema ndiyo. Nilihamishiwa kitengo cha kupokea barua za kawaida, na makabrasha mpaka leo sijasikia kama yalirudi.

Ndiyo maana picha za Mar-a-Lago, makazi ya Donald Trump, sikuzishangaa, maboksi yamepangwa mpaka bafuni. Wengine walicheka, mimi niliyaona yale yangu tisa. Wapelelezi walipopekua Agosti 2022 walitoka na nyaraka za siri zaidi ya mia moja. Trump alishtakiwa Juni 2023, makosa 37 kwanza, yakaongezwa. Julai 2024 jaji akaifuta kesi kwa hoja kwamba mwendesha mashtaka maalumu hakuteuliwa kihalali. Rufaa ya kupinga uamuzi huo dhidi ya Trump ikaondolewa baada ya uchaguzi wa Novemba. Kama alikuwa na hatia au hana, baraza la wazee wa mahakama halikupata nafasi ya kusema.

Mwanasheria wa Zamu

Naomba niseme kinyume kidogo, na msinipige mawe.

Kosa la jinai linahitaji zaidi ya kitendo. Mara nyingi linataka nia. Sheria ya ujasusi ya Marekani ya 1917 ina kifungu kinachogusa uzembe uliokithiri, lakini waendesha mashtaka wamekitumia kwa nadra mno, wakiogopa kumfunga mtu kwa kusahau. Ndiyo sababu Mike Pence, aliyekuwa makamu wa Trump, alipokuta nyaraka nyumbani kwake, akatoa taarifa na kuzirudisha, jalada lilifungwa 2023. Kwa Biden zilikutwa mpaka kwenye gereji. Ripoti ya Robert Hur, mwendesha mashtaka maalumu aliyemchunguza, ya Februari 2024 ilisema kuna ushahidi kwamba alizihifadhi kwa makusudi, ila hautoshi kulishawishi baraza bila shaka ya msingi. Kwa Trump shutuma ilikuwa kwamba aliombwa, akadaiwa kwa hati, na bado akazificha. Mambo matatu tofauti, na anayeyatia kapu moja anawaonea wawili.

Isipokuwa Petraeus. Yule sina la kumtetea. Jenerali, baadaye mkurugenzi wa CIA, alimpa mwandishi wa wasifu wake madaftari manane yenye majina ya maofisa wa siri na mazungumzo yake na rais, kisha akawadanganya wapelelezi. Mwaka 2015 alikiri kosa dogo, akapata miaka miwili ya uangalizi na faini ya dola 100,000. Siku ile jela hakuiona. Mteja wangu asiye na cheo, kwa mambo hayohayo, nisingeweza hata kufunguliwa mlango wa kuomba makubaliano ya namna ile.

Karani wa Masijala

Mwanasheria, asante, hakuna wa kukupiga mawe. Swali langu moja tu. Ile barua yangu ya kujieleza ilikuwa na nafasi ya kueleza jalada liko wapi, nani shahidi, kwa nini taratibu hazikufuatwa. Nafasi ya nia haikuwepo. Na kijana wa Askari Mstaafu naye hakuulizwa. Kwa nini neno hilo linatafutwa kwa taa pale tu mtu anapokuwa na walinzi?

Mwanasheria wa Zamu

Kwa sababu nidhamu ya kazi na jinai ni njia mbili, mkuu. Lakini nakubali: mdogo anakanyagwa kwenye zote mbili, mkubwa hafiki hata kwenye ya kwanza.

Ngazi ya Chini

Mkubwa akijiuzulu tunaambiwa ameadhibiwa. Suella Braverman, waziri wa mambo ya ndani Uingereza, aliondoka tarehe 19 Oktoba 2022 kwa kutuma waraka wa serikali kupitia barua pepe yake binafsi. Tarehe 25 alikuwa amerudi kwenye kiti kilekile. Siku sita! Mimi kwa kosa dogo kuliko hilo nilikaa nje miezi minane, nikarudi kwa barua ya kuanza upya.

Muuguzi wa Wodi

Siri zangu si za kijeshi, lakini ni siri. Kiongozi alitembelea wodi yetu na kamera nyuma yake. Alifika kitanda cha tatu, akachukua kadi ya mgonjwa iliyoning'inia, akaisoma kwa sauti. Jina, umri, ugonjwa. Yule mama alivuta shuka mpaka puani. Nilinyoosha mkono niipokee kadi, mtu wa itifaki akanishika kiwiko.

Jioni watoto wa yule mama walikuja wakilia. Kesho yake aliyeandikiwa onyo ni mimi, kwa kuacha kadi mahali pa wazi. Kiongozi aliripotiwa kuwa amewafariji wagonjwa. Mama aliomba kuhamishwa kabla hajapona. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, hakunijibu kwaheri, na simlaumu.

Upande wa Pili

Nimesoma kuanzia juu. Mimi ndiye mnayemzungumzia, ila kwa kadiri ndogo.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na diski ya kazini yenye mishahara, akaunti na anwani za watumishi karibu mia nne. Tulisaini wawili, mimi na mwenzangu, lakini niliyeondoka nayo ni mimi. Nikaipoteza kwenye basi. Mjomba wangu alikuwa na cheo kikubwa. Alipiga simu moja. Ripoti ikaandika kwamba kifaa kilipotea "kikiwa chini ya uangalizi wa maofisa wawili", na mwenzangu ndiye aliyekuwa na saini ya kwanza. Aliachishwa kazi. Mimi nilipelekwa mafunzo.

Sijawahi kukieleza popote. Kisa cha maboksi kimenifanya niandike.

Katibu Muhtasi

Mwanangu, huyo mwenzako yuko wapi sasa?

Upande wa Pili

Anafanya vibarua, mama. Aliwahi kuomba kazi ya serikali mara mbili, faili lake likamrudisha. Nataka kuiandikia ofisi ile nieleze diski ilikuwa mkononi mwa nani. Mjomba ameshastaafu, na hata angekuwepo nimeamua. Sijui barua kama hiyo inaanzaje.

Mwanasheria wa Zamu

Njoo faragha kabla hujaituma, ujue inakupeleka wapi. Ukishajua, ukiwa bado unataka, nitaisoma.

Katibu Muhtasi

Nami nitakuchapia. Anza na tarehe uliyoipokea diski na saa uliyoshuka kwenye basi. Jina lake liweke aya ya kwanza.