Naomba ushauri: kuhakiki njia za helikopta ya uokoaji kushuka pwani usiku

Habari zenu wakuu. Tunaandika upya mwongozo wa njia za kukaribia pwani usiku kwa helikopta ya utafutaji na uokoaji. Kielelezo chetu ni ajali ya Rescue 116, helikopta ya uokoaji ya walinzi wa pwani wa Ireland, Machi 14, 2017. Sikorsky S-92 ile ilikuwa ikielekea Blacksod, kituo cha pwani ya magharibi ya Ireland, kujaza mafuta, futi 200 tu juu ya bahari, ikagonga kisiwa cha Blackrock chenye kimo cha futi 282. Wote wanne waliokuwemo walifariki. Kisiwa hakikuwamo kwenye hifadhidata ya mfumo unaomtahadharisha rubani akikaribia kugonga ardhi, kwa hiyo mfumo ulikaa kimya. Tena njia yenyewe ilianzia karibu kabisa na kisiwa hicho, na hilo ndilo linalotutisha zaidi.

Kwa njia zetu, tumeshalinganisha kila kituo cha njia (alama za kupitia) na ramani ya anga, ya baharini na picha za satelaiti. Vimo vikitofautiana tunachukua kirefu zaidi.

Tulipokwama ni hapa: kwenye ajali ile, mtazama kamera ya joto alikiona kisiwa na kuomba wageuke kulia, lakini sekunde zikapotelea kwenye kuthibitishana. Je, mnatumia neno gani moja la kumlazimisha rubani ageuke kwanza, aulize baadaye? Na njia mpya mnairuka mara ngapi mchana, hali ya hewa ikiwa safi, kabla ya kuiruhusu usiku?