Wakala wa safari za uvuvi wa hapa Mwanza alitupeleka Mafia wakati wa maji mafu: ninadai fedha zetu

Ndugu wanajamvi,

Mwezi uliopita mimi na wenzangu wawili, sote wakazi wa Mwanza, tulimlipa wakala mmoja wa hapa mjini shilingi 1,900,000 kila mmoja ili atupeleke Mafia kwa siku tatu kuvua kolekole kwa chambo cha manyoya, tukitembea kwa miguu juu ya mafungu ya mchanga maji yakiwa yamepwa. Tumerudi bila kumtupia mshipi hata samaki mmoja tuliyemwona kwa macho, na nina hasira.

Kwa wasioufahamu uvuvi huu, kuona ndiko kila kitu. Mvuvi hujongea polepole katika maji ya magotini, jua likiwa mgongoni, akitafuta kivuli cha samaki au taa (yule samaki bapa mwenye mkia mrefu) anayefukua mchanga, kwa kuwa kolekole hupenda kumfuata taa ili anyakue kaa na visamaki vinavyokurupushwa. Na akishamwona ana sekunde chache tu za kukitua chambo mbele yake kabla hajapotea. Maji yakifika kifuani, huoni kitu.

Wakala alitupangia kuondoka saa 3 asubuhi siku zote tatu, na tarehe alizozichagua zilikuwa za nusu mwezi, yaani wakati wa maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Katika mwambao wetu, bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) la mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu ndilo linalopwa majira ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kuyaacha mafungu wazi. Wiki moja baadaye, saa hizo hizo, maji huwa yamejaa, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Siku zote tatu tulizunguka na mashua juu ya mafungu ambayo hatukuweza kuyakanyaga.

Kilichoniumiza zaidi ni maneno ya nahodha, mzee mstaarabu sana, ambaye hana kosa lolote: "Wanangu, nilimwambia awalete kwenye bamvua, akanijibu kwamba tiketi zimeshakatwa." Kwa hiyo alijua, akapokea fedha zetu na kunyamaza.

Nilipomfuata ofisini alijitetea kwamba yeye ni mtu wa ziwa, na ziwani maji hayajai wala kupwa. Utetezi huo siukubali. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huhesabu mwezi kila siku, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti dagaa, na wengi huanika nyavu hadi giza lirudi. Angevuka barabara hadi mwaloni akamuuliza yeyote kati yao, angeambiwa kwamba mvuvi hapangi safari bila kuutazama mwezi.

Ninadai turudishiwe fedha zote isipokuwa nauli ya ndege, ambayo tuliitumia kweli. Nimempa siku 14 kwa maandishi. Kama kuna mwingine aliyepelekwa pwani na wakala wa Mwanza akakuta maji yamejaa, tafadhali aandike hapa tarehe alizosafiri, nizilinganishe na mwezi.