Mwongozo wa programu ya kuchambua pendulamu na springi: PDF, Sphinx au daftari la Jupyter?

Nyota_ya_Uyole
Habari zenu wanajukwaa. Nimemaliza kuandika programu inayosoma jedwali la muda na mahali kilipo kitu kinachobembea, ikachora mchoro wake, kisha ikakokotoa kipindi (muda wa kubembea kwenda na kurudi mara moja) na mchapuko wa graviti. Kilichobaki ni mwongozo, na nimekwama kati ya njia tatu: kijitabu cha PDF, kurasa za kivinjari zinazotengenezwa na programu ya Sphinx, au daftari la Jupyter ambamo maelezo na hesabu hukaa pamoja. Natakiwa kuamua wiki hii. Ipi inafaa zaidi?

Mwalimu_Mafinga
Ndugu yangu, hujatuambia watakaoisoma ni akina nani. Ni wanafunzi wa kidato cha tano, ni walimu, au ni watu watakaoendeleza msimbo wenyewe? Umeiandika kwa lugha gani ya programu? Huko itakakotumika kuna intaneti? Bila majibu hayo tutakuwa tunabahatisha.

Nyota_ya_Uyole
Niwie radhi, mwalimu. Nimeiandika kwa Python. Watumiaji ni walimu wa fizikia wa shule nne, mbili za Rungwe na mbili za Mbeya vijijini. Kompyuta za maabara hazina intaneti, kwa hiyo kila kitu kitapelekwa kwa flashi.

Binti_Kalenga
Kama hakuna intaneti, nisikilize kwanza kabla hujaigusa Sphinx. Mwaka jana niliandaa kurasa za namna hiyo kwa ajili ya shule moja nje ya mji wa Iringa. Nyumbani zilipendeza: fomula zilitokea safi, alama ya kipeuo cha pili ikakaa mahali pake. Nilipofika maabara na kufungua ukurasa wa kwanza mbele ya walimu sita, pale palipotakiwa kuwa na fomula ya kipindi palikuwa na mkururo wa mikwaju, mabano na maneno yaliyokatwakatwa. Nilifungua ukurasa wa pili, hali ikawa ileile. Mwalimu mmoja aliniuliza kwa upole kama faili zimeharibika, nami sikuwa na jibu. Usiku ule ndipo nilipogundua kwamba Sphinx, usipoipangia vingine, huzichora fomula kwa kutumia MathJax inayochukuliwa kutoka mtandaoni kila ukurasa unapofunguliwa. Nyumbani nilikuwa na bando, ndiyo maana sikuliona tatizo. Tangu siku hiyo hukata intaneti kabisa kwanza, ndipo nafungua mwongozo wangu kuukagua.

Msimbo_Iringa
Pole sana dada, lakini kosa hilo lina dawa, na si sababu ya kuikataa Sphinx. Unaweza kuiweka MathJax ndani ya folda ileile, au ukatumia kiendelezi cha imgmath kinachogeuza kila fomula kuwa picha wakati wa kuandaa kurasa. Zaidi ya hapo, chanzo kilekile kinatoa kurasa na pia PDF kupitia LaTeX, programu ya kupanga maandishi na fomula, na maelezo ya kila fanksheni yanavutwa kutoka kwenye msimbo. Ukibadilisha programu, huandiki kijitabu upya.

Mzee_wa_Tukuyu
Nimefundisha fizikia miaka mingi, nami nasema PDF, tena iliyochapishwa. Umeme unapokatika pendulamu inaendelea kubembea, na mwanafunzi anayehesabu kubembea mara 20 huku saa ikiwa mkononi anahitaji karatasi mezani. Daftari la Jupyter liachieni vyuo. Ila nina ombi moja kuhusu lugha. Ukiandika kwa Kiswahili, ulieleze neno «kipindi» kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kuwa shuleni kipindi ni dakika 40 za somo, na mtoto akisoma «pima kipindi» anaweza kutazama ratiba ukutani.

Msimbo_Iringa
Shikamoo mzee. Mimi ningeyaacha maneno ya kitaalamu kwa Kiingereza, kwa sababu sekondari mtihani unafanywa kwa lugha hiyo.

Mzee_wa_Tukuyu
Marahaba. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini mwalimu anapoelekeza jinsi ya kufunga uzi, anaelekeza kwa Kiswahili.

Mwalimu_Mafinga
Turudi kwenye mwongozo. Uwe wa PDF au wa Sphinx, usipotaja mipaka ya programu hautamsaidia mwalimu. Fomula ya kawaida ya pendulamu ni ya pembe ndogo: ukiiachia kwa nyuzi 10 kipindi halisi kinazidi cha fomula kwa asilimia 0.2 hivi, lakini kwa nyuzi 30 kinazidi kwa karibu asilimia 1.7. Kwa springi, theluthi moja ya tungamo la springi yenyewe huongezwa kwenye tungamo linaloning'inia. Useme pia kama pembe zinaingizwa kwa nyuzi au kwa radiani, maana fanksheni za trigonometria za Python hupokea radiani.

Tena nakuuliza: programu yako inapata mchapuko wa graviti kutokana na urefu mmoja wa uzi, au kutokana na mteremko wa mchoro wa kipindi mraba dhidi ya urefu?

Nyota_ya_Uyole
Urefu mmoja, mwalimu. Katika majaribio nimekuwa nikipata 9.5 badala ya 9.78, na nilidhani ni saa yangu.

Mwalimu_Mafinga
Unaupima uzi hadi wapi?

Nyota_ya_Uyole
Hadi pale ulipofungwa kwenye kigololi. Uzi ni sentimita 50, na kigololi kina upana wa sentimita 3.

Mwalimu_Mafinga
Basi saa yako haina kosa. Urefu unaotakiwa ni hadi katikati ya kigololi, yaani sentimita 51.5, na pungufu hilo linatosha kuishusha 9.78 hadi 9.5. Ukitumia urefu tano au sita na kuchukua mteremko, pungufu linalojirudia sawasawa halibadilishi mteremko.

Nyota_ya_Uyole
Nashukuru sana. Nitaanza na hesabu ya mteremko, halafu nichore picha inayoonyesha urefu unaanzia wapi na kuishia wapi. Dada wa Kalenga, ile imgmath inahitaji LaTeX iwemo kwenye kompyuta za shule, au kwenye yangu tu?

Binti_Kalenga
Kwenye yako tu. Lakini kata intaneti kabla hujaukagua.