Mrejesho: simu iliyokuwa nzito na kuzimika ghafla

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kwa nini simu yangu ya miaka 4 imekuwa nzito na huzimika ikionyesha chaji asilimia 30. Nawashukuru kwa dhati mlionielekeza nitazame kwanza afya ya betri, yaani uwezo wake uliobaki ukilinganishwa na ilipokuwa mpya: ilisoma asilimia 71, na kama mlivyoeleza, betri ya lithiamu ikichakaa hushindwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, hivyo simu hujipunguzia kasi ili isizimike. Fundi wa hapa Mtwara mjini alipoifungua, tuliikuta betri imeanza kuvimba na kusukuma kioo.

Baada ya kuweka betri mpya haijazimika tena, na ujumbe unafunguka upesi. Kufuta picha, nilikoanza nako, hakukusaidia kasi. Kamera bado inasuasua. Sasa siichaji tena dirishani penye jua, maana joto huchakaza betri.