Rangi ya mdomo ya korali iliyokuumbua: tupeane uzoefu, watu wa Goma na majirani

Furaha wa Katindo
Leo nilikuwa napangua sanduku la mama mdogo, natafuta karatasi za kiwanja, nikakuta picha ya harusi ya binamu yangu, ile ya serikali, ofisini komini, 2016. Niliitazama kidogo tu nikaigeuza kifudifudi. Mdomo ule! Acha niseme yangu, na ninyi mtoe zenu.

Mnakijua kile kichochoro cha Birere ambako vipodozi vimepangwa chini ya maturubai ya buluu, unapita kwa ubavu. Muuzaji akanipaka mgongoni mwa mkono. "Ona korai hii, dada. Hii ilikuwa inakungoja wewe." Chini ya turubai ilikuwa rangi tulivu, kama papai lililoiva. Nikatoa dola tatu bila kupatana, mimi ambaye napatana hadi fungu la mboga ya lengalenga. Siku ya harusi nikajipaka alfajiri, umeme hakuna, kwa tochi ya simu. Nikajiona malkia.

Tukatoka komini saa tano, jua kali. Mimi ni mweusi wa kweli, na midomo yangu katikati ni ya waridi, pembeni imekolea. Basi ile rangi ikagawana: katikati machungwa yanayowaka, pembeni kijivu, kama mtu aliyelamba chokaa. Shangazi akanivuta pembeni, sauti ya chini, uso wa huruma: "Mwanangu, tumbo linakusumbua? Naona umekunywa dawa." Kabla sijajibu akalowesha kidole gumba kwa mate yake akaanza kunifuta, mbele ya wakwe wa binamu. Mpiga picha akabonyeza hapo hapo. Ndiyo picha niliyoikuta.

Sifa
Dawa ya tumbo! Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Binti Kadutu
Bukavu ni vilevile. Turubai la buluu limenidanganya mara mbili. Siku hizi naichukua lipstiki natoka nayo mpaka barabarani kwenye mwanga, muuzaji ananikimbilia nyuma akidhani nimemwibia. Akimaliza kufoka, nalipa au narudisha.

Mama Merci
Ninyi mnateseka bure. Vazilini kwanza, nyingi, halafu rangi juu. Inang'aa na haipasuki. Kiangazi hiki cha vumbi utanikumbuka.

Saluni ya Himbi
Mama yangu, nisamehe, lakini hapana. Vazilini chini ya lipstiki ni kumwaga mafuta barabarani halafu kusimama juu yake. Itateleza mpaka kidevuni. Paka usiku ukilala, asubuhi futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ngozi iliyokufa inatoka yenyewe. Midomo ikiwa mikavu yenye magamba, ila haijapasuka, sugua kwa sukari kidogo na mafuta ya kula, polepole, si kama unasugua sufuria.

Na Furaha, usiichukie korali yote. Rangi hii inakaa kati ya machungwa na waridi, na kila kiwanda kinaivuta kwake. Uliyonunua ilikuwa imepauka, maana yake ina rangi nyeupe nyingi ndani. Juu ya ngozi nyeusi ule weupe ndio unaojitokeza, unaonekana majivu. Mweusi achukue korali nzito, yenye wekundu, au yenye kitu cha tofali ndani yake. Huo ukingo mweusi wa mdomo usipigane nao: chukua wanja wa kahawia, pita pembeni, usambaze kwa kidole kuelekea ndani, halafu korali uiweke katikati ikutane nao. Mgongo wa mkono hauna rangi ya mdomo, ndiyo maana ulikudanganya. Ncha ya kidole inakaribia zaidi. Na usijaribu kopo la sokoni mdomoni moja kwa moja, hujui limepita midomo ya nani.

Sifa
Kumbe wanja! Aksanti.

Kaka Mtulivu
Kwa mtazamo wangu mwanamke mweusi apake kahawia au aache. Hizi rangi za kuwaka ni za weupe.

Yaya Espe
Kaka Mtulivu, nani aliyekuita? Kwa mtazamo wako ulivaa suruali ya njano kwenye msiba wa jirani, tukanyamaza.

Furaha wa Katindo
Yaya Espe jamani!

Yaya Espe
Nimesema uongo? Na wewe wa saluni, hizo hesabu za machungwa na waridi, nani mwenye muda? Mimi napaka ninayoipenda, kichwa juu, atakayekerwa atazame ziwa.

Saluni ya Himbi
Yaya, sikatai. Lakini mteja akilipa anataka aone tofauti. Ninachofanya ni rahisi: namwekea hereni ya rangi ya dhahabu sikio moja, ya fedha sikio la pili, anasimama mlangoni. Dhahabu ikimwamsha uso, nampa korali inayoelekea machungwa. Fedha ikimwamsha, nampa inayoelekea waridi. Zikimpendeza zote mbili, anachagua kwa mfuko wake. Halafu kuna meno: korali ya machungwa inayaonyesha manjano zaidi, ya waridi inayafanya yaonekane meupe. Wapenzi wa chai nyeusi, mmesikia.

Mwalimu Bakari
Samahani, nje kidogo ya mada. Mnaandika korai, korali, kila mtu na lake. Kiswahili kina neno: marijani. Tulitumie.

Binti Kadutu
Mwalimu, nenda Birere uombe lipstiki ya marijani. Utapewa shanga.

Mwana wa Ruashi
Nawasoma kutoka Lubumbashi. Kwetu vumbi ni jekundu, kwa hiyo korali angalau inafanana na barabara. Mimi yangu ilikuwa ya soko la Kenya, mtaa wa hapa kwetu, ya bei ya chini, mwezi wa kumi, joto lile mnalolijua. Nilipofungua kifuniko nikaikuta imetoa jasho, vitone vya mafuta juu yake. Nikanusa: mafuta ya kukaangia ya juzi. Na bado nikapaka! Jioni mdomo wa chini ulikuwa mandazi. Angalieni kile kichoro cha kopo lililofunguliwa nyuma ya lipstiki, kina namba na herufi M. 12M ni miezi kumi na miwili tangu ulipoifungua. Ikinuka hata kabla ya hapo, tupa.

Mama Merci
Ungepaka vazilini isingekuvimba.

Mwana wa Ruashi
Mama!

Motari wa Signers
Mimi ni mwanaume, lakini nina kesi na hii rangi, mnisikilize. Abiria alipanda Katoyi anaenda Virunga, kapendeza, mdomo unang'aa machungwa. Barabara mnaijua, mawe ya volkano yamechongoka kama meno. Mbele yangu chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, imejaa makaa, ikakata ghafla bila kutazama. Nikafunga breki. Uso wake ukagonga mgongo wangu, nikasikia "puu". Akaomba msamaha, nikasema hakuna shida, akalipa, akaenda.

Siku hiyo nilivaa shati jeupe. Nilizunguka nalo mpaka usiku, wenzangu stendi nzima wananitazama wanacheka na hakuna aliyeniambia. Nafika nyumbani Ndosho, nageuka kufunga mlango. Mke wangu aliona mdomo mzima katikati ya mgongo, umekamilika, hadi mistari. Nililala sebuleni siku nne. Nilimwambia, mama, mtu anayenibusu angenibusu mgongoni? Akasema, "Ndiyo maana naogopa, sijui mnafanyaje."

Sifa
Sijui mnafanyaje! Nimekufa.

Yaya Espe
Mimi namwamini mke.

Furaha wa Katindo
Huyo abiria alipaka ya kung'aa na ya kunata, na kwa pikipiki usithubutu. Mimi niliwahi kupanda nyuma ya lori la mchanga kutoka upande wa Sake, nafika kazini midomo ina sharubu nyeusi. Vumbi letu linapenda kunata.

Neema wa Buhene
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Lakini mmeitaja korali.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi, walikuja kunitolea mahari, nyumbani kwetu Buhene. Dada wa saluni alinipaka kama huyu wa Himbi anavyoeleza, wanja wa kahawia pembeni, korali nzito. Halafu akaweka karatasi laini juu ya mdomo, akapigapiga poda juu ya karatasi, akapaka tena. Nikamwambia imekauka mno, kama mdomo umebandikwa. Akasema, "Hii haitoki hata ukilia." Mimi nikacheka, nilie kwa nini siku ya mahari?

Wageni walichelewa, kama kawaida. Saa moja jioni wazee ndiyo walikuwa wanahesabu mbuzi. Walikuwa wanane, wamefika wa nne, mjomba amesimamisha hesabu anadai huyo ni mtoto, hajaacha kunyonya. Mtoto wa kaka yangu akaingia akasema mbingu inaungua. Akafukuzwa, watu wazima wanazungumza. Akarudi. Ndipo tukatoka.

Wekundu ulikuwa umeshika juu yote upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Watu hawakupiga kelele mwanzoni. Nilichosikia ni makufuli, kila nyumba inafunga, klak, klak, kana kwamba kufuli litazuia. Halafu magodoro yakaanza kupita juu ya vichwa. Mama alinishika mkono kama nina miaka sita. Baba akakata kamba za mbuzi kwa kisu cha jikoni, akawaambia nendeni, kana kwamba wanaelewa. Viatu virefu nilivivua njiani, sijui wapi. Tulivuka Petite Barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, katikati ya watu, sikuwa natembea, nilikuwa nabebwa na mabega ya wengine.

Tulilala chini, Gisenyi, pembeni ya barabara, kitenge changu cha mahari ndiyo shuka la watu watano. Ardhi inatetemeka kila mara. Asubuhi mama mmoja wa pale alituletea chai kwenye termosi, akanitazama, akauliza, "Harusi ilikuwa wapi?" Sikumwelewa. Nikajiangalia kwenye kioo cha simu iliyozimika. Vumbi, machozi yaliyokauka, wanja wa macho umefika shavuni. Na mdomo uko palepale, kama nimepakwa dakika hiyo. Nilicheka, nikashindwa kuacha, mama akanifunika kichwa kwa khanga.

Nyumba yetu ilienda. Moto ulisimama mbele kidogo tu, kabla ya kuingia mji wenyewe.

Binti Kadutu
Pole sana mpenzi. Sina neno.

Mwana wa Ruashi
Pole dada. Na mbuzi?

Sifa
Na mimi nilitaka kuuliza mbuzi.

Motari wa Signers
Mahari ilikuwa imetoka au haikutoka? Maana kama walifika wa nne...

Kaka Mtulivu
Usiku ule watu walikufa, watoto walipotezana na wazazi wao njiani, ninyi mnauliza mbuzi.

Yaya Espe
Leo umesema la maana, nakupa haki yako. Lakini na mimi nauliza mbuzi.

Mwalimu Bakari
Mimi nilikuwapo hata 2002, Januari, moto wa volkano hiyo hiyo ulipita katikati ya mji ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tulirudi tukajenga juu ya jiwe likiwa bado la moto. Watu wa Goma wasipouliza mbuzi watauliza nini?

Neema wa Buhene
Waacheni waulize, na mimi nimezoea. Watano walionekana baada ya wiki, wakati sisi tumeshahamishiwa Sake. Shemeji mmoja aliwakuta wanakula majani nyuma ya kanisa. Mume wangu, ndiyo, tulioana Desemba, kwao wanahesabu wanane kwa sababu wanane walifika uani. Mjomba anahesabu watatu, kwa sababu wa nne alikuwa bado anabishaniwa. Kila sikukuu wanaanza upya.

Mwana wa Ruashi
Watatu! Huyo mjomba ni wa kwetu kabisa.

Furaha wa Katindo
Jamani turudi kwenye midomo. Neema, pole kutoka moyoni. Picha yangu naigeuza tena, naona shangazi hakunitendea vibaya sana.

Saluni ya Himbi
Neema, ninakuuliza kwa heshima, hiyo lipstiki ilikuwa gani? Kukaa usiku mzima na machozi, si poda peke yake. Ni ile kavu isiyong'aa, sawa, lakini ninazo za kavu sita na hakuna inayofika hata saa tisa mchana mteja akila samaki wa sambaza.

Neema wa Buhene
Sikuuliza jina. Kifuniko cheusi, chini kuna kikaratasi chenye namba, kimefutika nusu. Nadhani ilianza na 4. Yule dada alihama baada ya pale, namba yake ya simu haipatikani. Tangu hapo nimenunua korali tisa. Moja ilikaribia, ila ilinivutia kwenye waridi.

Saluni ya Himbi
Pita kwangu siku ukipata nafasi, tuchanganye. Machungwa iliyokolea na tone la kahawia, tutaiona tu. Kwa mwanga wa mlangoni, si chini ya turubai.

Neema wa Buhene
Alhamisi naweza.

Motari wa Signers
Mkiipata mniambie bei. Nitanunua kopo zima niweke stendi, abiria asipande kabla hajapaka hiyo.

Mama Merci
Neema mwanangu, siku hiyo ulipaka vazilini chini, sema ukweli.