Mjadala: Kampala iombe ruzuku ya mabasi mapya, au tujinunulie wenyewe?

Mkazi wa Bweyogerere: Ndugu zangu, suala hili kila mtu analilalamikia akiwa ndani ya taksi, akishuka analisahau. Kampala haina mabasi ya umma. Ina taksi za watu kumi na wanne na ina boda, basi. Mimi nasema KCCA, mamlaka ya jiji, na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi waandike maombi ya ruzuku, siyo mkopo, kwa mifuko ya tabianchi kama Green Climate Fund, tupate mabasi ya umeme. Madeni ya taifa yametosha. Umeme tunao, Karuma peke yake ni megawati 600 na ilizinduliwa Septemba 2024. Mabasi yenyewe Kiira Motors wanayaunda hapa hapa. Japani walitupa ruzuku ya taa za kuongozea magari jijini na leo tunazitumia. Kwa nini mabasi yasiwezekane? Semeni.

Mhasibu wa Jinja: Japani hao hao, barabara ya juu pale Clock Tower walitupa kwa mkopo. Taa ni kitu kidogo, kitu kidogo hutolewa bure. Kitu kikubwa hukopeshwa. Hata huo mfuko unaoutaja, Karachi kule Pakistan waliahidiwa dola milioni 49 kwa mradi wao wa mabasi, na sehemu kubwa ya hizo ni mkopo wa masharti nafuu. Ukisoma kichwa cha habari utadhani wamepewa zawadi. Mkono mtupu haulambwi, ndugu yangu.

Fundi wa Ndeeba: Kununua siyo shida. Mmesahau kampuni ya mabasi ya Pioneer? Mabasi mia moja, mapya, ya rangi ya machungwa, yalikuja 2010. Yako wapi?

Mhasibu wa Jinja: 2012, siyo 2010. Na yalisimamishwa Desemba 2013 URA, mamlaka ya mapato, walipoyakamata kwa ajili ya kodi.

Fundi wa Ndeeba: Mwaka wowote. Yaliegeshwa yakala jua na mvua. Gari likikaa, linakufa: mpira unakauka, betri inalala, breki zinashika kutu. Na yale yalikuwa ya dizeli, ambayo kila fundi wa Ndeeba na Katwe anaifahamu. Sasa mniletee basi la umeme la msaada, spea zake zinatoka kwa aliyelitoa peke yake, nani atalifungua? Hilo ndilo liandikwe kwanza kwenye maombi. Gereji, mafundi, na spea za miaka kumi. Basi lenyewe liwe la mwisho.

Dada wa Wandegeya: Mimi naunga mkono, pesa zitoke popote zitakapotoka. Mabasi yaje tu, walau tupumzike na makondakta wa taksi. Watu wanakushika mkono, wanakuvuta, wanakula chenji yako, mvua ikidondoka tone moja nauli imeshakuwa mara mbili.

Kondakta Mstaafu: Dada wa Wandegeya, hapo umenigusa na sitanyamaza. Nimefanya kazi mlangoni mwa taksi tangu siku za UTODA, chama cha wenye taksi na madereva, kabla hawajaondolewa kwenye maegesho. Wanangu wamesoma kwa kazi hiyo. Unatuita wala chenji wote kwa pamoja, kama kwamba tulizaliwa na tumbo moja.

Nikueleze nauli ya mvua inatoka wapi, maana naona mnaisema miaka yote na hakuna anayeuliza. Asubuhi mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, na hesabu haijui mvua. Mafuta ni yako. Ada ya stegi, yaani kituo cha taksi, ni yako. KCCA walipoanza kutoza 120,000 kwa mwezi kwa kila taksi, ni sisi tuliozitafuta barabarani. Sasa mvua imenyesha, mfereji wa Nakivubo umefurika, Clock Tower imesimama, Kibuye imesimama. Safari ya kwenda na kurudi inakula muda wa safari mbili au tatu. Gari linanguruma pale pale na mafuta yanaungua. Abiria ni wale wale kumi na wanne. Hiyo tofauti ilipwe na nani? Mwenye gari hailipi. Dereva hana. Kondakta anakula kinachobaki, na siku nyingine hakibaki kitu.

Dada wa Wandegeya: Kaka, pole kwa kazi ngumu, lakini mshahara wangu nao haujui mvua. Natoka kazini saa kumi na mbili, nimebeba nauli ya kawaida, nafika stegi naambiwa mara mbili. Nifanye nini, nitembee mpaka Gayaza? Na hujajibu habari ya kushikwa mkono. Mwanamke akikataa kuingia, anatukanwa mwili wake mbele ya watu. Hilo nalo limeletwa na hesabu ya mwenye gari?

Kondakta Mstaafu: Wanaofanya hivyo ni wapiga debe wa stegi, siyo makondakta. Tofautisha.

Dada wa Wandegeya: Mkono ulionishika haukujitambulisha.

Mdar wa Bugolobi: Hapo dada amemaliza.

Mkazi wa Bweyogerere: Jamani, turudi kwenye ruzuku. Fundi amesema jambo la maana sana kuhusu gereji na hakuna aliyemjibu.

Mdar wa Bugolobi: Narudi. Mimi nimekulia Dar na nipo hapa kikazi. Mwendokasi ulianza Mei 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, mabasi 140. Barabara zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Miezi ya kwanza watu walishangilia kweli, safari iliyokuwa inakula asubuhi nzima ikawa fupi. Halafu abiria wakazidi mabasi. Karakana ikajengwa Jangwani, bondeni, kila masika maji yanaingia na mabasi yanaharibika. Kwa hiyo Fundi yuko sahihi, ila naongeza kitu kimoja: kilichofanya mwendokasi uitwe mwendokasi ni njia yake ya peke yake. Hapa mnataka kuleta mabasi mia kwenye Barabara ya Jinja ile ile? Basi la bure litasimama kwenye foleni sawa na basi la kununuliwa.

Mzee wa Arua: Salaam wote. Nasoma tangu mwanzo. Kila mahali mnasema jiji, jiji, na maana yenu ni Kampala. Arua ni jiji tangu Julai 2020. Gulu, Mbarara, Mbale, Masaka, Fort Portal na Jinja vilevile. Mhasibu, wewe uko Jinja na hujasema neno juu ya mji wako. Ruzuku ikija, Kampala itakunywa yote, sisi tutaona picha.

Mhasibu wa Jinja: Mzee, shikamoo. Jinja tunatembea kwa miguu na boda, hatuna foleni ya kutisha. Kampala ikipona, na sisi tunaokwenda huko tunapona.

Mzee wa Arua: Marahaba mwanangu. Hayo ndiyo maneno tuliyoambiwa juu ya kila kitu. Mimi nimepanda mabasi ya UTC, Uganda Transport Company, nikiwa kijana. Basi liliondoka saa yake, limejaa au halijajaa. Leo kijana wa Kampala hajui kwamba gari linaweza kuondoka kabla ya kujaa. Kampuni ile serikali ya Amin iliichukua 1972, na tangu hapo ikaenda ikidhoofika mpaka ikazimika. Kwa hiyo anayesema serikali imiliki mabasi aniambie kwanza safari hii kutakuwa na tofauti gani.

Fundi wa Ndeeba: Mzee ameongea. Serikali hiyo hiyo, na jiji ambalo jalala lake la Kiteezi liliporomoka Agosti 2024 likafukia watu, ndilo tulikabidhi mabasi ya umeme?

Mkazi wa Bweyogerere: Kiteezi inaniuma kama inavyokuuma. Watu walikufa usingizini. Lakini ukilitumia jambo hilo kukataa kila kitu, tutabaki na taksi mpaka wajukuu. Mimi sikusema KCCA waendeshe. Mabasi yawe mali ya umma, uendeshaji upewe kampuni kwa mkataba wa kulipwa kwa kilomita, na kodi yake ijulikane kabla basi la kwanza halijatoka getini. Pioneer waliuawa na kitu hicho hasa: mtu binafsi alibeba mzigo wa huduma ya umma, akadaiwa kodi kama mwenye duka.

Mhasibu wa Jinja: Kodi ni kodi. Wenye taksi walikuwa wanalipa.

Kondakta Mstaafu: Asante! Andika tena hilo kwa herufi kubwa. Tulilipa. Na Pioneer walipoingia na nauli ya chini, kwenye njia zao tulishusha na sisi, tukaumia.

Dada wa Wandegeya: Na walipoondoka mkapandisha siku hiyo hiyo. Nakumbuka vizuri. Kwa hiyo inawezekana kushusha.

Kondakta Mstaafu: Kushusha kwa hasara unaita kuwezekana?

Mhasibu wa Jinja: Acheni nauli kidogo. Kuna jambo la ruzuku ambalo hamlitaji. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba haitoi fedha mpya kwa Uganda kwa sababu ya ile sheria ya Bunge dhidi ya ushoga. Ilirudi katikati ya 2025. Sizungumzii sheria yenyewe, nisiulizwe. Nasema hivi: huduma ambayo watu wanaitegemea kila asubuhi kwenda kazini, ukiifunga kwenye mkono wa mtu wa nje, siku akikasirika mnalala nyumbani. Kununua mara moja, sawa. Kuendesha kwa msaada, hapana. Rwanda walikuwa wanafidia nauli kwa fedha zao wenyewe na bado Machi 2024 waliacha, nauli za Kigali zikapanda. Sisi tutafidia kwa fedha za nani?

Mdar wa Bugolobi: Huo ndio mchango bora wa mjadala huu.

Mkazi wa Bweyogerere: Nakubaliana na sehemu ya kuendesha. Kununua ndiko ninakokuzungumzia tangu mwanzo. Basi la umeme ni ghali siku ya kulinunua na nafuu siku ya kulitembeza, kwa sababu dizeli tunaileta kwa malori na meli na umeme unatoka Jinja na Karuma. Ruzuku ingebeba ile bei ya siku ya kwanza. Na iwe na sharti letu, siyo la mtoaji: mabasi yanunuliwe hapa. Kayoola, basi la umeme la Kiira Motors, linabeba watu 90 wakiwemo wa kusimama, na linakwenda kilomita 300 kwa chaji moja. Watoto waliotengeneza gari la kwanza la Kiira pale Chuo Kikuu cha Makerere 2011 leo wana kiwanda. Tuwape kazi.

Fundi wa Ndeeba: Mtoaji gani wa ruzuku atakubali pesa yake inunue kiwanda cha mwingine? Mabasi yatatoka kwao, na dereva atafundishwa kwa lugha yao.

Mama wa Kalerwe: Nimesoma yote nikisubiri mtu aniulize mimi, hamkuniuliza. Mimi nauza kabichi na matooke. Saa kumi alfajiri niko barabarani na magunia. Taksi inanibebea, gunia juu, gunia nyuma, mimi katikati. Kondakta huyu mnayemtukana ndiye anayelipandisha gunia na kulishusha, na siku sina pesa kamili ananiambia, mama utanilipa jioni. Hilo basi lenu la umeme litabeba gunia?

Dada wa Wandegeya: Mama, mimi sikuwatukana wote.

Mama wa Kalerwe: Mwanangu, ulisema tupumzike nao. Ukipumzika nao wewe, mimi nachoka.

Fundi wa Ndeeba: Mama, basi la jijini lina sakafu ya chini na nafasi ya watu kusimama. Juu hakuna kariya. Gunia halipandi.

Mama wa Kalerwe: Basi hamjaninunulia mimi. Mmewanunulia wenye mikoba.

Kondakta Mstaafu: Mama Mungu akubariki. Huyu ndiye abiria tunayemfahamu.

Mkazi wa Bweyogerere: Mama, hiyo ni hoja ya kweli na naichukua. Mabasi machache ya alfajiri yanaweza kuondolewa viti vya nyuma yakabeba mizigo, kabla ya saa za wafanyakazi. Basi linalolala karakana mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni hasara hata hivyo. Likianza saa kumi likahudumia Kalerwe, Nakasero na Owino, tayari lina kazi.

Mzee wa Arua: Na soko la Arua?

Mkazi wa Bweyogerere: Na la Arua, mzee.

Mama wa Kalerwe: Na nani atapandisha gunia? Dereva hashuki kwenye kiti. Mwataka nilipe kwa kadi, na gunia nalo lipande kwa kadi?

Kondakta Mstaafu: Hapo ndipo nimekuwa nangoja mfike. Kila taksi ina dereva na kondakta. Ondoeni taksi, wekeni kadi, hesabuni wenyewe ni vijana wangapi watarudi nyumbani jioni bila kitu. Anayeandika maombi ya ruzuku aandike na ajira zao humo humo. Wafundishwe, wavae sare, wawe na mshahara. Kijana mwenye mshahara hana sababu ya kupandisha nauli mvua ikinyesha.

Dada wa Wandegeya: Wenye mshahara, kitambulisho kifuani, na namba ya kupigia akinishika mkono, hao nawapokea. Waandikwe.

Mhasibu wa Jinja: Na mshahara huo utalipwa na ruzuku au na nauli? Maana ruzuku ni ya kununua, mmeshakubaliana.

Kondakta Mstaafu: Wewe Mhasibu unalipwa na nini?

Mama wa Kalerwe: Mimi gunia nalilipia. Nimelilipia miaka yote. Andikeni nauli ya gunia, na anayelipandisha alipwe kutoka hapo.